Ukikutana na mtu safarini, usiache kazi usiku huohuo

Mhariri,

Kuna watu hukutana na mgeni njiani, wakazungumza kwa saa 3, na wakishuka wanataka kubadili kazi, mji, hata ndoa. Hisia hiyo si ya kubezwa, ila ichambuliwe kabla ya kutia saini popote.

Kwanza mazingira. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, Kanada. Wanaume waliohojiwa na mwanamke kwenye daraja hilo linaloyumba walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara. Watafiti walieleza kuwa moyo ulidunda kwa hofu, wanaume hao wakadhani ni mapenzi. Ugeni wa safari huweza kufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo andika siku hiyohiyo ulichosema wewe, si alichosema yeye. Hapo ndipo penye mali. Kama ulieleza kwa dakika 20 hamu ya kurudi masomoni, basi kiu yako ni masomo: ulizia ada, sifa na ratiba, hata bila yeye kujua. Hamu ikidumu wiki 6 bila simu yake, ni yako.

Mkionana tena, mwonane kwenye mambo ya kuchosha: foleni, bajeti, kuuguza mgonjwa. Chakula cha jioni hotelini hakipimi kitu. Mwenye ndoa aanze kuzungumza na mwenziwe kuhusu pengo lenyewe, yaani kile anachokikosa maishani. Wengi huanza na habari za mgeni, mazungumzo yote yakawa ya wivu, pengo likabaki palepale.