Usahaulifu wa mafundi rangi usisingiziwe uzee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maradhi yanayowaandama mafundi rangi, ambayo kwa kuwa huja polepole mno, aghalabu hupewa majina yasiyo yake. Fundi aliyepaka rangi za mafuta na vanishi kwa miaka kumi, ishirini au zaidi huanza kusahau maagizo aliyopewa asubuhi, hushindwa na hesabu za kazi alizozoea kuzifanya kichwani, huamka akiwa bado amechoka, na hukasirika upesi kuliko alivyojulikana zamani. Nyumbani husemwa kuwa amebadilika tabia, na kazini husemwa kuwa ni uzee au pombe. Ni wachache mno wanaoitaja thina.

Thina na viyeyushi vingine vya rangi huwa na tolueni, zaileni na kemikali za jamii hiyo, ambazo hugeuka mvuke upesi hata pasipo joto kali, na ambazo huyeyuka kwa urahisi katika mafuta. Mvuke huo hupita mapafuni, ukaingia katika damu na kufika kwenye ubongo, ambao ni miongoni mwa viungo vyenye mafuta mengi mwilini. Kila aliyewahi kupaka rangi katika chumba kisichopitisha hewa anazijua athari za siku hiyohiyo: kichwa kuuma, kizunguzungu, na hali inayofanana na ulevi. Akitoka nje akapunga hewa, hupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayotupumbaza, kwa sababu kesho yake hurudi katika mvuke uleule, na hivyo hivyo mwaka hadi mwaka.

Jambo hili si dhana yangu. Madaktari wa nchi za Skandinavia walianza kulichunguza kwa kina katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 wataalamu walikutana Copenhagen chini ya Shirika la Afya Duniani na Baraza la Mawaziri la nchi za Nordiki, wakaupanga ugonjwa huu kwa ngazi, kuanzia uchovu na mabadiliko ya hisia hadi upungufu wa kumbukumbu na wa uwezo wa kufikiri unaothibitishwa kwa vipimo. Aliye katika ngazi ya mwanzo anaweza kupona akiondolewa kwenye mvuke. Aliyefika ngazi za juu, ugonjwa wake kwa kawaida hauendelei kukua baada ya kuacha kazi hiyo, lakini alichokwisha kupoteza hakirudi chote. Kwangu mimi tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima, kwani muda wa kumwokoa fundi upo, ila hupita wakati bado anahesabiwa kuwa mzima.

Ubongo hauumii peke yake. Heksani, ambayo nayo ni kiyeyushi, huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ikaleta ganzi, tolueni hudhoofisha usikivu, hasa penye kelele, na baadhi ya mafundi hupungukiwa na uwezo wa kutofautisha rangi, hasara ambayo kwa kazi yao haihitaji maelezo. Aidha, tangu mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya upakaji rangi, kwa ujumla wake, katika kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kinga zipo, lakini nyingi tunazoziona kazini ni za kujiliwaza. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Kinachohitajika ni kifaa chenye kichujio cha mkaa maalumu, nacho kibadilishwe kila kinapochoka. Kunawa mikono kwa thina, desturi ambayo mafundi wazee huwarithisha vijana, huipitisha sumu ngozini. Dawa ya kweli ni kukiondoa kiyeyushi chenyewe, kama ilivyofanya Uholanzi, ambayo tangu mwaka 2000 imewataka mafundi wanaopaka rangi ndani ya majengo watumie rangi zenye viyeyushi kidogo, na hasa rangi za maji.

Ninaomba madaktari wamuulize kila mgonjwa anayelalamikia usahaulifu amefanya kazi gani na kwa miaka mingapi, kabla ya kumwambia kuwa umri umekwenda. Ninaomba pia sheria iwalazimishe waajiri na wakandarasi kuweka daftari la kila fundi, likionyesha aina ya rangi na kiyeyushi alichotumia, mahali alipokitumia na kinga aliyopewa, na fundi apewe nakala yake. Vingi vya viyeyushi hivi hutoka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo mstaafu anayedai fidia hawezi kuthibitisha kwa kipimo cha damu kile alichokivuta kwa miaka thelathini. Bila daftari hilo, ushahidi wake wote hutegemea kumbukumbu, ambayo ndiyo iliyoharibiwa.

Msomaji wako,
Fundi rangi mstaafu