Barua kwa mwanangu anayefanya kazi bandarini

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, na bibi yako anakuulizia kila siku. Umeniambia kwamba kazi ya bandarini inakumaliza, na kwamba hadithi zako umeziweka kando kwa kuwa hazina msomaji. Hapo nikamkumbuka Herman Melville, yule mwandishi Mmarekani niliyemsoma chuoni.

Alizaliwa New York mwaka 1819. Baba yake alifariki mwaka 1832 akaacha madeni, na mtoto akatolewa shule akawa karani wa benki. Januari 1841 akapanda Acushnet, meli ya kuwinda nyangumi. Miaka kumi baadaye, katika riwaya yake Moby-Dick, msimulizi wake anasema kwamba meli ya nyangumi ndiyo iliyokuwa Yale yake na Harvard yake, yaani vyuo vikuu vyake. Nayapenda sana maneno hayo. Hayamwambii mtu kwamba shida ni nzuri. Yanamwambia kwamba mahali alipo panaweza kumfunza, mradi awe macho. Makuli, madereva, mabaharia unaowaona kila siku, mwanangu, nani mwingine atawaandika?

Alipokuwa anaandika kitabu kile alimwandikia barua rafiki yake Nathaniel Hawthorne, mwandishi mwenzake. Akalalamika kwamba kile anachosukumwa zaidi kukiandika hakilipi, lakini kuandika kwa namna nyingine hawezi. Na kweli hakikulipa. Mwaka 1866 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa forodha bandarini New York, dola 4 kwa siku, akafanya kazi hiyo miaka 19. Forodha, mwanangu! Yaani makaratasi na mizigo kama hayo yako. Na akiwa humo humo kazini, mwaka 1876, akatoa Clarel, utenzi wa mistari ipatayo 18,000. Walioununua walikuwa wachache mno.

Alifariki mwaka 1891. Billy Budd, hadithi aliyoiacha katika miswada, ilichapishwa mwaka 1924. Sikuambii haya ili ungoje kuvuma ukishakufa. Hiyo si faraja, na mzazi gani angemtakia mwanawe hivyo? Ninachokitazama mimi ni zile jioni baada ya forodha, mtu amechoka, hadai kusifiwa na yeyote, na bado anaketi kuandika.

Mwaka 1850 aliandika kwamba ni afadhali kushindwa katika kubuni kuliko kufaulu katika kuiga. Kwa hiyo ile hadithi yako ya kuli mzee usiikatekate ili ifanane na zile zinazosambaa mtandaoni. Ule ukimya wake mwanzoni uache kama ulivyo. Mazungumzo ya getini ndiyo marefu, hayo yapunguze.

Nitumie ilipofikia, hata kama haijaisha. Nitaisoma na kukuandikia pembeni, kama nilivyokuwa nikifanya kwa insha zako. Na ule vizuri, chai peke yake si chakula cha mchana.

Akupendaye,
Mama yako