Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni wa Heshima: Uwanja wa Farasi wa Ngong Road

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi mliofika na wanafunzi wenzangu, hamjamboni?

Kwanza karibu sana mgeni wetu, tunajua uko na shughuli nyingi na bado umekubali kukaa kwa hili jua utusikize. Sisi ni klabu ya historia na muhula huu tulisema badala ya kurudia tena vita vya dunia acha tutafute historia ya mahali watu hupita na matatu kila siku wakiona tu ua na miti, yaani uwanja wa mbio za farasi kule Ngong Road, ule ulio chini ya Jockey Club of Kenya, chama kinachosimamia mbio za farasi. Wengi wetu tulijua ni mahali pa matamasha, na sio uongo, saa zingine yako, hata yale mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance hufanyika huko. Lakini wenye uwanja ni farasi.

Sasa mgeni wetu, mbio za Nairobi hazikuanzia Ngong. Mji wenyewe ulianza 1899 kama kambi ya reli, walowezi wazungu wakaja, na hawakukaa sana kabla waanze kushindanisha farasi. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, ndio maana mpaka leo kuna Racecourse Road huko karibu na Gikomba, mahali huwezi ona farasi hata mmoja, ni mikokoteni na mabasi tu. Farasi walikimbia huko miaka mingi mpaka 1954 ndio uwanja wa Ngong Road ukafunguliwa. Kenya Derby, ile mbio kubwa ya farasi, ni ya zamani kuliko huo uwanja, na kama Derby zingine ni ya farasi wa miaka 3, kwa hivyo farasi hupata nafasi moja tu maishani, mwaka ukipita imepita.

Kufuga farasi hapa haikuwa rahisi hata kidogo. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaletwa na vidudu vidogo vinavyouma sana sana jioni na usiku, na farasi akiupata mara nyingi mapafu yanajaa maji anakufa kwa siku chache, halafu pundamilia anaubeba na wala haugui! Siku hizi farasi wanachanjwa, na bado mtu makini huwaingiza ndani kabla giza.

Tulienda kuutembelea huo uwanja wa Ngong Road, na huko ndani tulizungushwa vizuri. Kuna mabanda ya farasi, kuna ringi ambapo wanatembezwa watu wawaone kabla ya mbio, kuna jukwaa la watazamaji, kuna njia yenyewe ya nyasi, na katikati ya hiyo njia kuna uwanja wa gofu, kwa hivyo ukiangalia mbio unaona na bendera za mashimo. Madirisha ya kubeti pia yako lakini hayo mwalimu alisema tupite haraka, tukapita. Chumba kilichotushika ni cha mzani. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, anapimwa pamoja na tandiko kabla ya mbio na wakimaliza wanapimwa tena, na kuna mbio zingine farasi aliye bora anabebeshwa uzani zaidi ili wengine nao wapate nafasi, joki akiwa mwepesi wanamwongezea vipande vya madini ya risasi kwa tandiko (sio risasi ya bunduki jamani, kuna mmoja wetu alishtuka). Kwa maoni yetu hii ni haki kuliko michezo mingi ya shule, na tungeomba mwalimu wa michezo aifikirie.

Mgeni wetu, hapo kwa mabanda ndio tulikaa zaidi, manake ndio tulikutana na masaisi, yaani watunzaji wa farasi. Farasi wa mbio anaweza kuwa na kilo 450 mpaka 500 na anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na huo mwili wote unabebwa na miguu myembamba sana, kwa hivyo saisi kila asubuhi anapitisha mkono kwa mguu, polepole, kutoka goti kwenda chini, akihisi kama kuna joto. Joto ni dalili ya kuumia, na akilikosa leo kesho mguu unaweza kuvunjika. Halafu achokore kwato, apige brashi, alishe, atembeze, na hiyo yote ni kabla hata nyinyi wazazi hamjakunywa chai.

Ukitafuta historia ya mbio za Kenya utampata Beryl Markham haraka sana, alilelewa Njoro ambako babake alifunza farasi, akapata leseni ya kufunza farasi akiwa bado kijana, 1936 akavuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza mpaka Kanada, baadaye akarudi kufunza farasi tena na akashinda sana, akafia hapa Nairobi 1986. Anastahili, hatubishi. Lakini masaisi waliolala karibu na hao farasi tulitafuta majina yao tukachoka. Wale wa Kariokor kabla ya 1954, kama yuko aliye hai, sasa ni mzee sana.

Kwa hivyo maombi yetu ni haya. La kwanza na kubwa, tunaomba utusaidie kuwafikia wazee waliokuwa masaisi, au watoto wao na wajukuu, mahali popote walipo, hata kama ni mmoja. La pili ni kifaa cha kurekodi sauti, manake simu tunayotumia ni ya mwalimu na ikipigwa katikati ya mahojiano inakata. La tatu ni nauli ya kufika Njoro na Nakuru kikundi kizima. Na kama wewe mwenyewe uko na picha ya zamani ya uwanja nyumbani, tutaipiga nakala na kuirudisha siku hiyo hiyo, daftari la kuandikisha liko kwa katibu wetu pale mbele.

Ni sisi,
Klabu ya Historia.