Barua ya kufunga muhula: kinamasi tumekiona, sasa tuongee

Wazazi na walezi wetu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Watoto wanafunga Ijumaa, tarehe ya kurudi iko kwenye ripoti. La saba wanabaki kambi kama kawaida. Soksi za sare ni nyeupe, sio za Simba wala za Yanga.

Sasa nije kwenye matembezi yetu ya Jumamosi ile, maana mpaka leo natabasamu mwenyewe ofisini. Mnakumbuka nilivyochekwa, eti nani apande daladala kwenda kuangalia matope wakati Mwanza nzima tumezungukwa na ziwa? Daladala tatu zikajaa na wengine wakaja na bodaboda. Na njia yenyewe nilisema ni ya kila mtu, haifiki kilomita tatu, bibi mmoja na mkongojo wake kaimaliza kabla ya mwalimu wa michezo (jina nalihifadhi).

Tulianzia juu kwenye mawe, pimbi wamejianika juani, mwalimu wa sayansi akasema huyu ndugu yake wa karibu ni tembo, watoto wakacheka mpaka pimbi wote wakaingia mapangoni. Chini ya mkuyu akapasua tunda, ndani kuna vinyigu vidogo kama nukta, akaeleza kwamba bila hivyo vinyigu mkuyu haupati mbegu, na kuna mama alikuwa ameshakula la tatu akatema lote, pole mama yangu, mimi nimeyala toka utoto na niko hapa.

Ila kinamasini ndo palinoga. Binti wa darasa la tatu alishika bua la funjo akawa analizungusha vidoleni, akaniuliza mwalimu mbona hili halizunguki vizuri, lina kona. Tukahesabu, kona tatu. Nimelalia mikeka ya mafunjo miaka yote hiyo na sijawahi kuhesabu! Akaonyeshwa na viota vya kwera vinavyoning'inia juu ya maji, halafu wakaelezwa kwamba humo ndani ya mafunjo hewa ya majini ni kidogo mno, sangara hawezi kukaa, kwa hiyo furu wadogo wanajificha humo asiwamalize, maana sangara hakuwa wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950. Kamongo yeye hajali, ana mapafu, anapanda juu kuvuta pumzi kama mimi na wewe. Tulimwona kabisa, pua juu, pwaa, kazama.

Na hapo kwa kamongo ndo nilipokasirika.

Sheria ilikuwa moja, HAKUNA KUINGIA MAJINI, niliiandika kwenye fomu mkasaini na nikaisema tena pale kwenye daladala. Vijana watatu wa la sita wakavua viatu wakaingia mpaka magotini kumfukuza kamongo, ambaye aking'ata kidole hakuachii kirahisi, na hiyo ilikuwa saa sita mchana jua kali, muda ambao vijidudu vya kichocho vinatoka kwa wingi kwenye konokono wa kwenye magugu na kupenya ngozi. Mtoto hahisi kitu, baadaye ndo tumbo na damu chooni. Na msiniambie shuleni wanapewa dawa, dawa inaua minyoo iliyopo, haizuii mingine kuingia kesho yake. Wazazi wa hao watatu mnajijua, wapelekeni wakapime baada ya wiki sita mpaka nane, sio kesho, kesho hakitaonekana.

Vijana nimeshamalizana nao, wamemwagilia bustani wiki nzima. Nisiyejua nimfanyeje ni baba aliyesimama ukingoni na simu anarekodi, anapiga kelele "mkamate huyo, mkamate!" halafu jioni akairusha vidio kwenye grupu la wazazi na vikatuni vya kucheka machozi. Baba, mimi siku nzima nawafundisha wasiingie, wewe kwa dakika moja umewafundisha waingie. Hiyo vidio ifutwe leo.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna familia ilikuja na kreti la soda, mkaa na mbuzi mzima, wakachoma, wakaacha chupa kwenye mafunjo nikaziokota mimi na mlinzi. Sina neno na mbuzi. Neno langu ni ada ya tangu mwezi wa kwanza, kila nikipiga simu naambiwa "mwalimu mambo magumu", na sio wao peke yao, orodha ni ndefu na naiheshimu siri ya kila mtu ila mpishi na muuza maharage hawali siri. Njooni tuongee, hata mkigawa kidogo kidogo napokea, ila asiyekuja kabisa mwanaye hatapokelewa tukifungua, na msimtume bibi kuja kunililia maana mnajua ananishinda.

Kandambili ya bluu, mguu wa kulia, iko ofisini kwangu na imeanza kunuka.

Wenu,
Mwalimu Mkuu