Tuache kuwasifu kwa kuvumilia, tuwatibu maumivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu sugu, yale yanayomsumbua mtu zaidi ya miezi mitatu, miongoni mwa watu weusi hapa Marekani, sisi tuliohamia kutoka Afrika Mashariki tukiwemo. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mara nyingi nasikia wazee weusi wakisifiwa kwamba ni wagumu, wamezoea shida. Sifa hiyo inawaumiza.

Yupo bibi mmoja ninayemhudumia. Ukimuuliza kama anaumwa atakujibu hajambo, Mungu ni mwema. Wakati huohuo mkono wake uko chini ya blanketi unakanda goti, na ukimgeuza kitandani anabana midomo mpaka umalize. Kwenye faili lake imeandikwa kwamba hana malalamiko. Huyu amekulia majimbo ya Kusini enzi za sheria za ubaguzi, ambapo mtoto mweusi alifundishwa mapema kutolalamika mbele ya wakubwa weupe. Sisi nasi tumelelewa kwa "jikaze", kwa hiyo namwelewa vizuri kabisa.

Msongo wa mawazo unaingia mwilini. Mtu anayeishi kwa wasiwasi wa kodi ya nyumba, wa kusimamishwa na polisi, wa kudharauliwa kazini, mwili wake haupati kutulia: homoni ya kotisoli inavurugika, usingizi unakatika, na mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kuamsha maumivu hata kwa jambo dogo. Profesa Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan alianza kuandika mwaka 1992 jinsi dhiki za aina hii zinavyouchakaza mapema mwili wa mwanamke mweusi. Tafadhali wasomaji wasinielewe vibaya. Maumivu yanayozidishwa na msongo ni maumivu kamili, na anayemwambia mgonjwa "ni mawazo tu" anamkosea.

Kuhusu ustahimilivu, namkumbuka mkulima mmoja mweusi wa North Carolina, John Henry Martin, ambaye mtafiti Sherman James alikutana naye mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzee huyu alizaliwa katika umaskini mkubwa, akajifundisha mwenyewe kusoma, akafanya kazi usiku na mchana hadi akamiliki ekari 75 akiwa na miaka 40. Alipoingia miaka ya hamsini alikuwa na shinikizo la damu, ugonjwa wa viungo na vidonda vya tumbo vibaya sana. James alipowapima wanaume weusi wa jimbo hilo, aliona shinikizo likiwa juu zaidi kwa wale wanaopambana kwa nguvu zote huku wakiwa na elimu ndogo. Kujikaza bila nyenzo kunamla mtu.

Siudharau ustahimilivu. Nimewaona wenye ndugu wa kuwapigia simu, wenye kanisa linalowatembelea, wanaofanya mazoezi ya viungo na mtaalamu, wanaolala vizuri: maumivu yapo, lakini wanatoka kitandani na wanacheka. Hao wanabebwa na watu wengine. Anayeachwa ajikaze peke yake hali yake ni nyingine kabisa, na mara nyingi hospitali haitofautishi.

Tena hospitali zenyewe zina lawama. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari weupe walio mafunzoni. Kiasi cha nusu yao walikubali angalau dhana moja ya uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mweupe. Wenye dhana hizo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na matibabu waliyopendekeza yalikuwa na makosa zaidi. Mgonjwa anayekaa kimya kwa heshima akikutana na daktari wa namna hiyo, nani atamsemea?

Wanaonihuzunisha zaidi ni wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali, ambao hapa karibu wote wanaougua ni weusi, na ambao kwetu Tanzania na Kongo umejaa majumbani. Miongozo ya tiba inataka mgonjwa aliyebanwa na maumivu apewe dawa ndani ya saa moja tangu afike. Wengi wanasubiri zaidi ya hapo, wakitazamwa kama watu waliokuja kutafuta dawa za kulevya.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wako wa afya uwafundishe wasomaji kuyaeleza maumivu kwa kazi yanayowazuia kufanya: siwezi kupanda ngazi, siwezi kumbeba mtoto, naamka usiku. Mzee asiyezoea kusema aende na mwanawe au jirani. Na mwenye selimundu aiweke kwenye simu barua ya daktari wake inayotaja dawa na kipimo kinachomfaa, aionyeshe kabla hajakaa kwenye kiti cha kusubiria.

Mhudumu wa wazee,
Ohio, Marekani