KUH: Kebo za data zenye thredi tofauti chini ya lebo moja

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana Meneja,

Kwa heshima zote, nakuandikia wewe kwa sababu kaunta yenu imekataa kunisikiliza.

Kebo za data za DB-9 mlizoniuzia, zile za konekta ya pini tisa, zina lebo moja na bei moja, lakini skrubu zake za kuikaza konekta kwenye mashine si za aina moja. Baadhi ni 4-40 UNC, skrubu ya vipimo vya inchi yenye thredi (mizunguko ya skrubu) ya kawaida ya konekta hizi: unene wa milimita 2.84, thredi 40 kwa inchi. Nyingine ni M3, ya metriki: unene wa milimita 3, thredi zikiachana nusu milimita. Kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha. M3 huuma mwanzoni kana kwamba imekubali, kisha hukwama, na ukiifungua inang'oka pamoja na nati ya mashine. Ndivyo ilivyong'oka kwenye mizani ya mteja wangu pale Marikiti.

Nilipoirudisha kebo, mhudumu wenu aliiinua juu foleni nzima ione, akasema, "Mzee, hujui kufunga skrubu? Umelazimisha." Watu wakacheka. Mkononi nilikuwa na risiti na kebo nyingine ya pakiti ileile, aone tofauti mwenyewe. Hakuigusa.

Na kabla hata ya Marikiti nilikuwa nimewapigia simu kuhusu skrubu hizi. Mliahidi kunipigia. Mpaka leo kimya.

Konekta za IEEE-488, zile za kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta, zilipohama kutoka skrubu za inchi hadi za metriki, za metriki zilitiwa rangi nyeusi ili fundi asikosee. Rangi tu! Nyinyi hata lebo imewashinda.

Narudia, maana hili halitapita hivi hivi: mbele ya watu wanaonipa kazi, mhudumu wenu aliinua kebo yenu mbovu akasema mimi ndiye nisiyejua kufunga skrubu. Mimi, ambaye hapa Luthuli Avenue nimelea watoto kwa bisibisi.

Nilikuja kubadilishiwa kebo tu. Sasa sitaki kubadilishiwa. Nataka pesa zangu zote, gharama ya kutengeneza mizani, na mhudumu huyo aniombe radhi palepale kaunta, foleni ikiwepo. Kebo zilizobaki zitolewe rafuni mpaka zipimwe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, maelezo ya kutosha na fidia ya hasara. Nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa ijayo, kebo zote mbili, risiti na nati iliyong'oka nitazipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani, kisha Mahakama ya Madai Madogo, Milimani.

Wako,
Fundi wa mizani, Luthuli Avenue, Nairobi