Shukrani kwa mama wa basi la Ifakara

Shikamoo mama. Jina lako sikulipata, lakini tulipanda nawe basi la Ifakara pale stendi ya Magufuli, Mbezi, ukatuuliza mabegi yale makubwa tunayapeleka wapi.

Tulipokutajia milima ya Udzungwa, uso ulikuchangamka. Ukatueleza tushuke Mang'ula, tulipie kiingilio langoni mwa hifadhi, tuchukue mwongozaji na kuianza njia ya Sanje asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Ukasisitiza viatu vyenye meno, maana mawe ya kule yanateleza. Kisha, bila kuombwa, ukampigia simu mwanao atupokee na kututafutia pa kulala. Ni wangapi wangewafanyia hivyo watoto wa watu?

Mama, tulifika juu! Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170, na ukiwa kule unaliona bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa hadi macho yachoke. Tulimwona na yule kima wa Sanje, asiyepatikana popote duniani ila katika milima yenu. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Ninyi wenyeji bila shaka mlimjua zamani.

Wengi wetu hapa Dar tukisikia kupanda milima tunawaza Kilimanjaro na gharama zake. Wewe ulitutajia pia Uluguru na Lushoto, na Lushoto ndiko tunakojiandaa kwenda.

Anayemfahamu mama huyu amfikishie salamu za vijana wa Tabata. Asante sana mama, Mungu akuzidishie.